Mtani Wangu na Ukurasa wa Shukrani

Kitabu chochote kikitua mikononi mwangu, huanza kusoma pale mwandishi anapowashukuru watu. Wengi huparuka. Mimi hupasoma taratibu, jina baada ya jina, nikijiuliza ni nani aliyeachwa. Maana lazima yupo. Yupo mtu aliyesikiliza sura mbovu jioni baada ya jioni, akasema hapo umekosea, akarudi zake nyumbani, na kitabu kikatoka bila yeye. Najua hivyo kwa sababu na mimi nilimwacha mtu, na mtu huyo nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Jina lake sitaliandika hata hapa. Kulikuwa na wakati wa kuliandika, nikaupoteza. Sasa sioni nina haki gani ya kulitumia kupamba maandishi yangu ya uzeeni.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya utawala wa Mwingereza. Nilikuwa mwalimu, kijana wa Kinyamwezi niliyetoka bara na cheti changu, suruali mbili, na majivuno ya kuwatosha watu watatu. Nilipanga chumba Temeke, ambako siku zile nyumba zilikuwa zinachipuka moja moja katikati ya mihogo na minazi. Yeye alikuwa fundi wa kujenga nyumba hizo, za miti, udongo na makuti. Alikuwa Mzaramo, mrefu, mguu wake wa kushoto ukiburuta kidogo kwa sababu ya kuanguka kutoka juu ya paa zamani.

Nilimjua siku ya kukandika nyumba ya jirani. Kukandika ni kazi ya wote: udongo umekandwa kwa miguu, majirani wamejipanga, kila mmoja anabandika kwa viganja kwenye fito mpaka ukuta uzibe. Mimi nilikuwa napita natoka shule, shati jeupe limepigwa pasi, nikitafuta njia ya kukwepa matope. Yeye akaniuliza kutoka juu ya kigoda chake, "Mwalimu, wewe kabila gani?" Nikamjibu kwa fahari. Akapiga ukelele wa furaha, akashuka, akachota udongo gao zima la mkono na kunibandika kifuani. "Mpagazi wangu kafika!" akawaambia watu. "Siku zote nilikuwa najiuliza mzigo wangu kaupeleka wapi!"

Nilibaki nimesimama kama gogo, halafu nikakumbuka. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hukutukana nawe humkasirikii, hukunyang'anya kofia nawe huidai. Ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kushika jembe, na ndiye mwenye ruhusa ya kuwachekesha wafiwa wakati machozi bado yanawatoka. Na kwa yote hayo hakuna asante. Ukimshukuru mtani kwa maneno ya adabu umemweka mbali, umemfanya mtu baki. Basi nikavua shati, nikachota udongo, nikamlipizia usoni, nikakandika na wenzangu mpaka jioni. Tangu siku hiyo tulikuwa pamoja.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa akipokea jarida moja la wataalamu, la Kiingereza, lenye makala za uchunguzi kuhusu watu na nchi hii. Karibu wote waliokuwa wakiandika humo walikuwa Wazungu. Nikashikwa na uchu wa kuliona jina langu mle. Nilihangaika miezi nikitafuta jambo la kuchunguza, na muda wote huo nilikuwa naketi juu ya lundo la boriti za rafiki yangu nikimlalamikia. Mwisho ni yeye aliyesema, "Wee Mnyamwezi, si uandike hizo boriti ulizozikalia?"

Ndivyo nilivyoanza kuandika kuhusu nyumba ya Temeke inavyojengwa. Alinipa karibu miaka miwili ya Jumamosi zake. Alinipeleka Kunduchi kwa miguu kuona mikoko inavyokatwa kwenye mikondo ya maji ya chumvi, akanipeleka Bunju porini kutafuta fito, akanionyesha kamba ipi inaoza na ipi inadumu. Alinifundisha kupima kwa shubiri, kwa dhiraa na kwa pima, na nilipotoa kipimo changu cha shule alikitazama kwa huruma. Jioni nilimsomea nilichoandika, nikikigeuza Kiswahili. Alikuwa akisikiliza amefumba macho.

"Hapo umeongopa," alikuwa akisema.

"Nimeongopa nini?"

"Umesema chumba kinapimwa halafu ndio miti inatafutwa. Sivyo. Mti ndio unaokuja kwanza. Chumba hakizidi urefu wa boriti, na boriti haizidi ile ambayo mtu mmoja anaweza kuitoa kwenye matope akaibeba begani mwake. Sie tunalala ndani ya bega la mtu, Mnyamwezi. Andika hivyo."

Nikaandika hivyo. Hayo yakawa ndiyo kiini cha makala nzima. Mengine yote niliyoyakusanya yalikuwa orodha tu.

Yeye alikuwa amesoma chuoni, Kurani alikuwa akiisoma vizuri, lakini herufi za Kizungu hakuzijua. Siku moja akaniambia nimfundishe maneno mawili tu, hataki zaidi. La kwanza jina lake. La pili jina langu, ili, alivyosema, apate kunitukana kwa maandishi. Nilimwandikia kwa mkaa kwenye kipande cha ubao, akakaa nacho wiki nzima. Baada ya hapo kila nilipompitia kazini nilikuta ameandika jina lake mchangani, kwenye ndoo, kwenye mpini wa tezo la kuchongea miti.

Ndipo nilipomwonyesha lile jarida. Alilipekua kwa heshima, akafika mwisho wa makala moja palipokuwa na aya fupi peke yake.

"Na hapa pana nini?"

"Hapo mwandishi anawashukuru waliomsaidia. Marafiki waliosoma, waliomwonyesha njia. Ni desturi ya wasomi."

"Majina yao yako hapa?"

"Haya hapa."

Halafu akasema, "Mie nimejenga nyumba hata hesabu sina. Hakuna hata moja inayosema ni mie niliyeijenga. Mwenye nyumba ndiye mwenye nyumba, fundi keshakwenda zake." Akakibonyeza kile kidole chake kikubwa juu ya aya. "Na mie nitakuwamo?"

"Utakuwa wa kwanza."

"Lakini usinishukuru kama mgeni, bwana. Nitukane vizuri."

Nilimtukana vizuri. Wasomi wana mazoea ya kumalizia shukrani zao kwa kusema kwamba makosa yaliyobaki ni yao wenyewe, wala si ya waliowasaidia. Mimi niliyageuza. Niliandika jina lake lote, nikasema namtaja Mzaramo huyu mvivu ambaye amenipotezea Jumamosi zangu zote, na kwamba makosa yote yaliyomo humu ni yake peke yake. Nilipomsomea alicheka mpaka akakaa chini. Akaniomba nirudie. Akamwita mkewe, nikarudia tena. Kwa siku kadhaa kila aliyepita alipewa habari: "Mie nimetukanwa, na matusi yanakwenda Ulaya!"

Makala ilipigwa chapa kwa mashine ya ofisa mmoja aliyeniazima, nikaituma. Baada ya miezi ilirudi na barua ya mhariri. Ilikuwa barua ya upole sana. Alisema makala imependeza, akayasifu hasa yale maneno kuhusu bega la mtu, akayaita ugunduzi wangu. Ila ile aya ya mwisho haifai, alisema, mzaha hauna nafasi katika maandishi ya kitaalamu. Nikipenda naweza kulitaja jina hilo kwa kawaida pamoja na mengine, au kuliacha. Akashauri nisisahau kumshukuru mwalimu mkuu, na ofisa mwenye mashine.

Nataka niseme kweli hapa, maana nimejidanganya vya kutosha. Ingenichukua mstari mmoja. Jina lake, basi. Nilikaa na kalamu alasiri nzima nikijiambia kwamba shukrani kavu kwa mtani ni dharau kuliko kimya, kwamba mwenyewe alisema nisimshukuru kama mgeni, na mtani haandikiwi asante. Hoja hiyo ilikuwa nzuri na ilikuwa ya kwetu kabisa, Mzungu asingeielewa. Lakini chini yake palikuwa na kitu kingine kinachonuka. Yale maneno ya bega yalikuwa yameitwa yangu. Kama pangekuwa na jina la fundi wa makuti pale mwisho, msomaji mwenye akili angejiuliza bega lilitoka wapi. Nikalifuta jina. Nikaandika la mwalimu mkuu na la ofisa, nikaituma makala siku hiyo hiyo nisije nikabadili mawazo.

Na sikumwambia. Hilo ndilo baya kuliko yote. Kila aliponiuliza, "Matusi yangu yameshafika?" nilimjibu kwamba yapo njiani.

Jarida lilikuja wakati wa vuli. Habari zilimfikia kabla sijapanga la kusema, maana mwalimu mkuu alikuwa amelitangaza mbele ya shule nzima. Alikuja kwangu saa kumi, amevaa kanzu iliyofuliwa na kofia yake ya Ijumaa, ingawa haikuwa Ijumaa. Alileta na samaki wa kukaanga aliowanunua kwa mama mmoja wa Kunduchi aliyehamia mtaani kwetu. Akaketi kwenye kiti changu cha pekee, akapangusa vidole kwenye kanzu, akasema, "Lete."

Nilipaswa kusema pale pale. Nikampa.

Alianzia mwisho, pale nilipomwonyesha zamani. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza akalitazama, akaenda la pili, la tatu. Aya ilikuwa mistari mitatu. Akaimaliza, akairudia. Nikadhani ataniuliza. Hakuniuliza. Alirudi mwanzo wa makala, ukurasa wa kwanza, na kuanza kulitafuta jina lake kwenye kila mstari. Hakujua kusoma neno jingine lolote mle, alikuwa akipita katikati ya Kiingereza changu akitafuta umbo moja tu alilolijua. Akalikuta jina langu, juu, chini ya kichwa cha habari, akaligusa na kutabasamu, akaendelea. Kurasa zilikuwa kumi na moja. Mimi nilisimama mlangoni nikimtazama kidole, na sikusema neno, Mungu anisamehe, sikusema hata neno moja.

Alipomaliza ukurasa wa mwisho alilifunga jarida, akalipangusa jalada, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Ahsante sana, mwalimu," akasema. "Kazi nzuri. Hongera."

Hakuwahi kuniita mwalimu tangu siku ile ya udongo. Hakuwahi kunipa asante. Nikaanza kueleza, mhariri, barua, desturi za Wazungu, nikasema hata ule upuuzi kwamba mtani hashukuriwi. Alinisikiliza hadi mwisho, amesimama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemsikiliza karani wa ofisi. "Naelewa, mwalimu. Hakuna neno." Akaaga. Samaki wakabaki mezani, nami sikuweza kuwala.

Laiti angenitukana. Laiti angenipiga, ningefurahi. Badala yake alinipa adabu. Tulipokutana njiani alikuwa wa kwanza kusalimu: habari za kazi, mwalimu, nyumbani hawajambo? Nilijaribu kila hila. Nilimwita goigoi mbele ya vijana wake, akajibu, "Kweli, mwalimu, umri umeenda." Nikamnyang'anya kofia kichwani, kama zamani, nikakimbia nayo hatua kumi. Alisimama akinitazama. "Ichukue tu, mwalimu," akasema, "kama unaihitaji." Nilirudi nikamvisha mwenyewe. Watu waliokuwa wakitutazama waligeuza nyuso, kwa sababu waliona aibu kwa niaba yangu.

Ilikwenda hivyo zaidi ya mwaka. Niliandika barua kwa mhariri nikiomba jina liongezwe katika toleo linalofuata. Alijibu kwa upole ule ule kwamba masahihisho huhusu makosa ya ukweli tu. Nilitaka kumwambia rafiki yangu kwamba nimejaribu, nikaona nitakuwa naomba nisifiwe, nikanyamaza.

Alikufa kwa kifua, katika masika. Aliugua siku chache, na mimi niliambiwa alipokwisha kufa. Nililia barabarani mchana kweupe, halafu nikafuta machozi nikafanya kile ambacho mtani hufanya. Nilijifunga kikoi chakavu, nikapata kipande cha ubao na kamba, nikajipanga nitaingia pale msibani nikiburuta mguu wa kushoto, niupime ukuta wake kwa shubiri na kuwaambia wafiwa kwamba mvivu huyu kafa makusudi ili asimalize kuezeka kwa watu. Niliamini kwamba hilo hawezi kunikatalia. Utani wa msibani ni haki, na marehemu hana uwezo wa kuuzuia. Na kama ningeifanya kazi hiyo vizuri, watu wakacheka na kulia, basi ningekuwa nimeliandika lile jina pale linapopasa kuandikwa.

Nilifika nikiburuta mguu. Kaka yake mkubwa aliniona kutoka barazani, akaja upesi, akanishika mkono. Akaniondolea ubao ule taratibu.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Wewe ni mgeni wetu. Kaa kitini."

"Mimi ni mtani wake," nikasema.

Akauegemeza ubao ukutani. Alikuwa mtu mzima mwenye macho mekundu ya kukesha, na hakuwa na hasira. "Alituambia tukupe heshima yako," akasema. "Ndivyo alivyosema. Mwalimu akija, mpeni kiti."

Nikakaa kitini. Wengine wote walikuwa kwenye mikeka. Mwanamke mmoja akaniletea chai katika kikombe chenye kisahani, mimi peke yangu. Kazi ya watani ikafanywa na Wanyamwezi watatu wapagazi wa bandarini, watu ambao marehemu hakuwajua hata kwa sura. Walilizuia jeneza mlangoni, wakadai halipiti mpaka wajibiwe maswali. Mmoja alishuka kaburini akalala chali, akapiga kelele kwamba pafupi mno, Mzaramo huyu mrefu itabidi akatwe. Watu walicheka huku machozi yanawatiririka, na kaka yake akacheka pia. Mimi nilisimama pembeni na wazee wa heshima. Niliporudi nyumbani kile kikoi nilikitupa.

Sijamaliza bado. Miezi kadhaa baadaye yule mama wa Kunduchi muuza samaki alikuwa anaezeka upya upande mmoja wa nyumba yake, makuti yalikuwa yameng'olewa na upepo. Nyumba hiyo rafiki yangu aliijenga katika mwaka wake wa mwisho, wakati ananiita mwalimu. Nilikuwa napita. Fundi kijana aliyekuwa juu akaniita, "Mwalimu, shikamoo! Hebu panda, huku kuna maandishi."

Nikapanda ngazi. Juu ya ukuta, chini ya paa, hulala boriti ndefu tunayoiita mtambaapanya, na makuti yakishawekwa hakuna anayeiona tena isipokuwa panya wenyewe. Kwenye boriti hiyo, kwa mkaa, kwa herufi kubwa za mtu anayejua maneno mawili tu, palikuwa na jina lake. Na kando yake, limepangwa kwa uangalifu ule ule, palikuwa na jina langu.

Nilishika ngazi kwa mikono yote miwili. Nyumba hiyo sikuigusa hata kwa kidole. Sikubeba mti, sikukandika, siku ya kukandika nilijifanya nina kazi za shule. Sasa najua kwamba alikuwa akiandika hivyo kwenye nyumba zake zote tangu nilipomfundisha, mafundi wengine wamenithibitishia kila paa moja linapofunuliwa. Lakini zile nyingine zilizofunuliwa zilikuwa za zamani, za wakati wa matusi. Hii ilikuwa ya baada ya jarida.

"Wameandika nini, mwalimu?" mwenye nyumba akaniuliza kutoka chini, ameshika kiuno.

"Jina la aliyeijenga," nikasema, nikalitamka kwa sauti, lote, mpaka la babu yake. Wakaitikia wote kumwombea.

"Na la pili? Naona maneno mawili."

Mkaa ulikuwa mweusi, safi, kama umeandikwa jana. Herufi zangu zote zilikuwepo.

"La pili halisomeki," nikasema.

Nikashuka. Yule fundi akaniomba nimpitishie makuti, nikampitishia, moja baada ya jingine, mpaka boriti ile ikafunikwa.